Nimepewa kazi ya kuandika majibu ya swali la mbunge, naombeni ushauri wa haraka

Kibuyu Kikavu (Jumatatu, saa 4:12 usiku)

Habari za usiku wakuu. Mimi ni mhasibu kwenye mamlaka moja ya maji, mkoa msiniulize. Leo saa 9 bosi kaniita, kanisukumia karatasi mezani: swali la mbunge, limeshuka kutoka wizarani. Majibu yanatakiwa kesho kabla ya saa 6 mchana.

Swali lina vipengele viwili. (a) Je, ni kaya ngapi za walengwa wa TASAF (mfuko wa Serikali unaosaidia kaya maskini) zimekatiwa maji na mamlaka hiyo kwa sababu ya madeni? (b) Je, taasisi za Serikali zinadaiwa kiasi gani na mamlaka hiyo hiyo, na ni ngapi kati yake zimekatiwa?

Mfupa uko kwenye (b). Jibu la mwisho ni sifuri, hatujakata hata moja. Bosi anataka deni lote niliandike kwa mafungu mawili tu, la chini ya miezi 3 na la zaidi ya miezi 3, taasisi zisionekane. Hakusema nidanganye. Kasema "fupisha".

Nina watoto wawili na mkopo wa benki. Niandikeje nisidanganye na nisifukuzwe?

Dereva wa Noah (4:15)

Siti ya mbele hii, nimekaa.

Shangazi Mkorofi (4:21)

Kabla sijakushauri na wewe nijibu. Kwa nini watu wa maji mnakata Ijumaa jioni? Huku kwetu mafundi wanakuja saa 10 Ijumaa, ofisi inafungwa, unakaa na ndoo tupu mpaka Jumatatu. Tena na ada ya kurudishiwa juu. Hilo ndilo swali la kupeleka bungeni.

Mzee wa Busati (4:30)

Kijana, unahangaika bure. Majibu ya bungeni yana lugha yake, hata mjukuu wangu anaiweza: "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu swali la Mheshimiwa kama ifuatavyo. Serikali inatambua changamoto hiyo na itaendelea kuchukua hatua kadri upatikanaji wa fedha utakavyoruhusu." Bandika, tuma, lala.

Bunge lilikuwa la zamani. Februari 2008 Kamati Teule ya Mwakyembe ilisoma ripoti ya Richmond, umeme wa dharura ule, na Waziri Mkuu Lowassa akaondoka. Novemba 2014 PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za Serikali, ya Zitto Kabwe ikaleta Escrow, sakata la fedha za akaunti ya umeme. Baa yetu ilijaa watu kama siku ya watani wa jadi, mwenye baa akazima muziki mwenyewe! Mwanasheria Mkuu akajiuzulu mwezi uliofuata, Januari akafuata Waziri wa Nishati. Mambo ya fedha za umeme yalikuwa yanatikisa nchi. Siku hizi mbunge anasimama, anapongeza dakika 4, anauliza dakika 1.

Mwalimu wa Desemba (4:38)

Maadamu kuna mhasibu humu, nina swali. Nastaafu Desemba mwaka huu. 2018 walileta kikokotoo cha 25%, yaani sehemu ya pensheni unayopewa kwa mkupuo ukistaafu, kelele zikawa nyingi, Rais Magufuli akasitisha. Julai 2022 ikaja 33%. Juni 2024 kwenye bajeti ikapandishwa 40% kwa sisi tuliokuwa tunategemea 50%. Mkupuo huo wa 40% nijenge vyumba vya kupanga au ninunue bodaboda mbili?

Binti Kilosa (4:40)

Mwalimu, uzi si wako jamani 😂

Wakili Uchwara (4:52)

Mleta mada, tuanze na lililo wazi. Ibara ya 63(3) ya Katiba inampa mbunge haki ya kumwuliza waziri swali lolote la mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Wewe hujibu Bunge, anayejibu ni waziri. Wewe unamjibu bosi wako, na bosi anaijibu wizara. Kwa hiyo andika takwimu kamili, weka tarehe, weka saini, baki na nakala. Akitaka kufupisha, afupishe kwa kalamu yake.

Pili, deni la taasisi za umma si siri. Limo kwenye hesabu zenu zilizokaguliwa. CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anakabidhi ripoti kwa Rais mwishoni mwa Machi, Aprili zinatua Bungeni, na madeni ya taasisi kwa mamlaka za maji yanarudiwa humo kila mara. Hakuna wa kukufunga kwa namba ambayo CAG kaishaiona.

Ila nina swali moja. Maswali ya wabunge nimeyasoma miaka. Yote ni "Je, Serikali ina mpango gani wa...". Barabara, mpango gani. Kisima, mpango gani. Hili lako limeuliza kama mtu aliyekaa na leja mapajani. Huyo mbunge kajuaje pa kuchokonoa?

Kibuyu Kikavu (5:03)

Wakili ahsante sana. Nakala nitabaki nayo. Hilo la mbunge sijui, labda ana watafiti wake.

Wakili Uchwara (5:05)

Watafiti. Haya.

Shangazi Mkorofi (5:07)

Mbunge mwenye watafiti! Wa kwetu hana hata dereva wa kudumu.

Kibuyu Kikavu (5:26)

Sawa. Ni mimi.

Mwezi wa 3 alikuja jimboni, tukakaa mahali, akalalamika hana la kuuliza zaidi ya barabara. Nikamwambia kuna jambo. Nikamwandikia vipengele vyote viwili kwenye ujumbe wa simu, yeye akapeleka kwa Katibu wa Bunge kama vilivyo, hata "hiyo hiyo" hakuifuta. Sikujua litarudi mezani kwangu. Nilidhani litajibiwa na watu wa Dodoma.

Dereva wa Noah (5:28)

Yaani katunga mtihani, kapewa aufanye, na bado anaomba majibu kwetu 🤣🤣🤣 Noah nzima imecheka, abiria wote wanauliza kuna nini.

Mzee wa Busati (5:33)

Hapo umekosea. Mtumishi ana kiapo. Mambo ya ofisi hayatoki nje kwa mlango wa nyuma.

Wakili Uchwara (5:37)

Mzee, kuna Sheria ya Watoa Taarifa ya 2015. Lakini inamlinda anayetoa taarifa kwa mamlaka husika. Mbunge mliyekaa naye "mahali" ni habari nyingine. Futa huo ujumbe... hapana, usifute. Usiguse chochote. Na hiyo rasimu ya kesho, umeianza?

Kibuyu Kikavu (5:49)

Nimeshaituma.

Binti Kilosa (5:50)

???

Kibuyu Kikavu (5:58)

Saa 1 jioni, kabla sijafungua uzi. Bosi alinipa barua pepe ya afisa wa wizara ili nimsaidie kutuma. Nimetuma majibu kama alivyotaka, kwa mafungu mawili. Ila nimeambatisha jedwali la taasisi, moja moja, na nakala kwa bosi. Hakusema nisiambatishe. Kasema nifupishe majibu, na majibu ni mafupi, nusu ukurasa.

Shangazi Mkorofi (6:02)

Sasa ushauri unaoomba ni wa nini, mwanangu? Wa jeneza la mbao gani?

Kibuyu Kikavu (6:06)

Naomba kujua kama nimefanya vizuri. Naona nimefanya vizuri. Shangazi, mtu anakatiwa kwa shilingi 14,600, halafu kuna jengo lina bendera juu, linadaiwa mamilioni, bustani yake inamwagiliwa saa 6 mchana. Kila mwezi orodha ya kukata inapita kwangu, nasaini.

Mzee wa Busati (6:15)

Machi 2017 Magufuli akiwa Mtwara aliiagiza TANESCO, shirika la umeme, iwakatie wadaiwa sugu wote, Serikali na Zanzibar wakiwamo. Ilihitaji Rais kusema. Wewe mhasibu unataka kusema nini?

Mpima Chai (Jumanne, saa 12:40 asubuhi)

Nimeamka nimekuta kurasa mbili za chai, tena ya rangi, haina hata tangawizi.

Kwanza, TASAF iko Ofisi ya Rais, Utumishi na Utawala Bora. Wizara ya Maji inajibuje habari ya walengwa? Pili, swali la Machi lirudi na makali ya kujibiwa "kesho saa 6"? Tatu, na hili ndilo kubwa. Leja ya maji ina jina, namba ya mita, usomaji na deni. Haina safu ya "huyu ni mlengwa". Mhasibu amejuaje nani yuko kwenye mpango wa kaya maskini na nani hayuko? Huyu ni kijana wa mbunge, anampamba bosi wake kabla ya uchaguzi wa Oktoba 2025. Bunge linavunjwa, kura za maoni zinakuja, ghafla kila mbunge ana huruma na mabibi.

Dereva wa Noah (12:44)

Eh! Nimehama siti.

Binti Kilosa (12:51)

Mimi nimefanya kazi masjala ya wizara moja, kwa hilo la "kesho saa 6" usibishe. Swali linaweza kulala wiki 5 kwenye faili, likaamshwa siku moja kabla. Ndivyo lilivyo. Hilo la tatu ndilo nataka ajibu.

Mzee wa Busati (1:10)

Nilijua tu toka jana. Nikanyamaza.

Shangazi Mkorofi (1:12)

Mzee hujawahi kunyamaza.

Kibuyu Kikavu (1:35)

Kipengele cha TASAF ni walengwa waliokatiwa maji, na anayekata ni sisi, ndiyo maana kimeletwa Maji.

Majina nilipata hivi. Mwezi wa 2 mtendaji wa kata alileta orodha ya walengwa wa mtaa mmoja, akiomba walipe kidogo kidogo mpaka dirisha la malipo ya TASAF lifunguke. Bosi akasema iwekwe kwenye faili. Ipo mezani kwangu. Mtu wa 31 ni mama mdogo wangu aliyenilea. Kwenye orodha ya kukata ya mwezi ule alikuwemo pia. Nilisaini bila kusoma majina, ndiyo kawaida. Nikaja kujua nilipokwenda kumsalimia, nikakuta anachota kwa jirani.

Sikutaka kulileta humu maana najua mtakachosema.

Mzee wa Busati (1:41)

Mhasibu wa mamlaka, mama yake anakula ruzuku ya kaya maskini! Huo ndio ufisadi wa kupeleka bungeni.

Kibuyu Kikavu (1:44)

Aliandikishwa 2015, mkutano wa mtaa ulimpitisha, mimi nilikuwa sijaajiriwa. Anaishi na wajukuu watatu wasio wangu.

Shangazi Mkorofi (1:58)

Mzee mwache. Mpango huo ulipozinduliwa 2012 watu waliona aibu hata kujitaja. Bibi yangu aliingia, malipo yakahamia kwenye simu, na bibi hana simu. Wakaandika namba ya binamu yangu. Miezi 8 bibi anaulizia "dirisha" limefunguliwa lini, na binamu ana viatu vipya kila Iddi. Tuligundua kwenye msiba, meseji imeingia, simu iko kwenye chaji, mtoto akaisoma kwa sauti mbele ya shehe. Kwa hiyo mimi hadithi za orodha naziamini. Chai ya kwake imeungua kidogo, lakini ina majani ya kweli.

Mpima Chai (2:05)

Shangazi umeguswa moyo, mimi nataka Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge. Likijibiwa, ataje tarehe tukasome.

Wakili Uchwara (2:20)

Kama ni kweli, Kibuyu, una mgongano wa maslahi ulio wazi. Mwandikie bosi leo kuwa ndugu yako ni miongoni mwa wateja wanaoguswa. Mstari mmoja unatosha. Asije akaligundua yeye akawa na fimbo juu yako.

Kibuyu Kikavu (2:31)

Nitaliangalia hilo.

Wakili Uchwara (2:32)

Maana yake hutaandika.

Kibuyu Kikavu (Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa 2:18 usiku)

Wakuu, mrejesho. Limejibiwa. Tarehe sitaji, Mpima Chai nisamehe.

Mbunge wangu hakuwepo ukumbini. Limeulizwa kwa niaba yake na mwenzake wa mkoa mwingine kabisa. Naibu Waziri akasoma: Serikali inatambua umuhimu wa huduma ya maji kwa kaya zenye kipato cha chini, mamlaka zimeelekezwa kutoa utaratibu wa kulipa kwa awamu, na Serikali inaendelea kufunga mita za malipo ya kabla kwenye taasisi zake. Namba hata moja haikusomwa. Likaja swali la nyongeza. Nilisimama mbele ya TV ya kantini, moyo unanidunda. Yule mheshimiwa aliyeuliza kwa niaba akashukuru kwa majibu mazuri, akauliza ni lini tenki la maji la kwenye jimbo LAKE litakamilika.

Dereva wa Noah (2:20)

😭😭😭 Na la pili?

Kibuyu Kikavu (2:22)

La pili akaomba Naibu Waziri aongozane naye akalione.

Mzee wa Busati (2:27)

"Kadri upatikanaji wa fedha." Niliwaambia.

Wakili Uchwara (2:35)

Jedwali je? Bosi kasema nini?

Kibuyu Kikavu (2:41)

Hajasema kitu. Jumatatu kanihamishia stoo "kwa muda", nihesabu mabomba na viungio. Mwanzoni nilikasirika, ila kusaini orodha ya kukata sasa ni kazi ya mwingine.

Mpima Chai (2:44)

Tarehe haitajwi, mbunge hatajwi, mkoa hautajwi. Haya, nimeweka kikombe chini.

Shangazi Mkorofi (2:50)

Mama mdogo karudishiwa maji?

Kibuyu Kikavu (2:53)

Ndiyo. Nimemlipia jana, 14,600 na ada ya kurudisha.

Shangazi Mkorofi (2:54)

Jana!

Mwalimu wa Desemba (3:10)

Samahani wakuu, narudi kwenye swali langu maana hakuna aliyenijibu. Vyumba au bodaboda?