Ng'ombe anaficha maziwa jioni mashine ya kusaga ikiwaka: ni kelele?

Mfugaji_Tukuyu: Wakuu, mita 15 kutoka bandani pamefungwa mashine ya kusaga. Huwashwa saa kumi jioni, katikati ya kukamua. Asubuhi maziwa yanashuka vizuri. Jioni kiwele kimejaa lakini yanakatika njiani. Chakula ni kilekile. Ni kelele au ugonjwa?

Bwana_Mifugo: Anza na ugonjwa wa kiwele, mkuu: kipimo cha CMT (dawa inayochanganywa na maziwa kuonyesha kama kiwele kinaumwa), kila chuchu peke yake. Zote zikiwa safi, basi tazama hiyo mashine. Maziwa mengi yamo kwenye vifuko vidogo ndani ya kiwele, na kuvuta chuchu tu hakuyatoi. Ukiosha na kukanda, ubongo unaachia oksitosini, homoni ya kushusha maziwa. Baada ya dakika moja hivi vifuko vinabanwa, chuchu zinajaa na kuwa ngumu. Nguvu hiyo ni ya dakika chache tu. Mlio wa ghafla unamwaga adrenalini, homoni ya mshtuko: mishipa ya damu ya kiwele inasinyaa, na hata oksitosini iliyofika haifanyi kazi yake. Maziwa yanayobaki ndani kila siku yanapunguza utengenezaji wa mengine.

Fundi_Banda: Kamua umalize kabla ya saa kumi. Ikishindikana, mashine iwake kabla ng'ombe hawajaingia: mlio wa mfululizo huzoeleka, ule wa kushtukiza ndio mbaya. Sailensa igeuziwe upande wa pili. Mahali pa wazi, umbali ukiongezwa mara mbili kelele hupungua desibeli 6 hivi, kwa hiyo kuisogeza mita 30 si kazi bure. Na makomeo ya chuma yafungwe mpira! Ng'ombe husikia milio myembamba ambayo sisi hatuisikii kabisa.

Mfugaji_Tukuyu: Je, sindano ya oksitosini? Na kotisoli, ile homoni ya msongo, inapimwaje?

Bwana_Mifugo: Sindano ya kila siku hapana, atazoea, na bila hiyo hatashusha. Kotisoli ya damu itakudanganya, kwa sababu kumfunga na kumchoma kwenyewe kunaipandisha. Watafiti hutumia kinyesi. Ndivyo ilivyojulikana kwa nyangumi wa Ghuba ya Fundy, Kanada: Septemba 2001 meli zilipopungua, kelele zilishuka desibeli 6 na mabaki ya homoni za msongo kinyesini yakashuka pia. Wewe mizani inakutosha. Pima maziwa ya jioni siku tano mashine ikiwaka, tano ikiwa imezimwa, saa ileile, mkamuaji yuleyule. Ukibadilisha mkamuaji katikati, kipimo kimeharibika.