Mjadala: Mtoto aliyekwisha kubatizwa, kwa nini aendelee kuambiwa ni mchafu tangu tumboni?

Mleta mada (Kihesa, Iringa):
Wakuu heshima kwenu, na wakubwa shikamooni. Najua hoja hii itamgusa mtu, maana huku kwetu Nyanda za Juu Kusini kila nyumba ina mzee wa kanisa, na isiyo naye ina mwanakwaya.

Nasema hivi: fundisho la dhambi ya asili, yaani kwamba kila mtu huzaliwa na dhambi iliyotoka kwa Adamu, kwa jinsi linavyofundishwa kwenye sharika na vigango vyetu vingi, linawafanya watoto wajione si kitu. Sitaki lifutwe. Nalalamika kwamba linafundishwa nusu, na nusu inayoachwa ndiyo makanisa yenyewe yaliyoiandika.

Wakatoliki, Walutheri na Wamoravian wote wanabatiza watoto wachanga. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, 1546, ulitamka kwamba ubatizo unaondoa hatia ya dhambi ya asili. Kinachobaki ni mwelekeo wa kuvutwa na ubaya, na mwelekeo huo kwa aliyebatizwa hauhesabiwi kuwa dhambi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya 1992, namba 405, inasema dhambi hiyo kwa mzao yeyote wa Adamu haina sura ya kosa alilolitenda yeye mwenyewe. Ungamo la Augsburg la Walutheri, 1530, ni kali zaidi: wote huzaliwa na dhambi, na hukumu ni ya wale wasiozaliwa upya kwa ubatizo na Roho Mtakatifu. Kali, sawa, lakini ubatizo umetajwa humo humo.

Sasa ingia darasa la kipaimara. Mtoto ana miaka 13, alibatizwa hata hajaanza kukaa, cheti kipo kwenye sanduku la mama yake. Mwalimu anafungua Zaburi 51: "Tazama, mimi naliumbwa katika hali ya uovu, Mama yangu alinichukua mimba hatiani." Anawaangalia mmoja mmoja. "Mmesikia? Ninyi hao." Hawaambii kwamba anayelia pale ni Daudi, mtu mzima, mfalme, aliyemchukua mke wa Uria kisha akapanga Uria afe vitani. Kilio cha mkubwa mwenye damu mikononi anavalishwa binti ambaye kosa lake zito wiki hiyo ni kusahau kufungia kuku.

Binti mmoja wa darasa la namna hiyo aliombwa afunge kipindi kwa sala. Alikataa. Alipobanwa akasema kwa sauti ya chini, "Sala ya mtu kama mimi itafika wapi?" Mwalimu alifurahi, akasema huo ndio unyenyekevu. Mimi sikuona unyenyekevu pale.

Mchungaji mstaafu (Rungwe):
Marahaba mwanangu. Umesoma, ila umesoma kama wakili. Mimi ni mtoto wa mchuma chai. Nimekua nikimwona baba yangu anavua kofia mbele ya kila mwenye gari. Kilichoninyoosha mgongo ni fundisho hilo hilo unalolishitaki: mwenye shamba na mchuma chai wote wameanguka, hakuna aliyezaliwa msafi kumzidi mwenzake. Tangu wamisionari wa Moravian walipofika Rungwe 1891, neno hilo limesomwa mbele ya machifu na mbele ya watu wao, na halikumbagua mtu.

Tena ubatizo si sabuni ya mara moja. Luther katika Katekisimu Ndogo anasema Adamu wa kale ndani yetu azamishwe kila siku kwa toba. Mkristo ni mwenye haki na ni mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Ukiondoa upande mmoja umebaki na nini? Vijana wa siku hizi mnawaambia ninyi ni wazuri, ninyi ni washindi. Siku kijana akifanya jambo baya kweli, na atalifanya, ataliweka wapi? Mimi nimewazika wawili waliokosa pa kuliweka.

Mwanjelwa Kwetu:
Mnapoteza muda. Hizo ni habari za Wazungu. Babu zetu hawakujua mtoto mchanga mwenye dhambi.

Mleta mada:
Mchungaji, pole sana kwa hao wawili, nitarudi kwenye hoja yako maana ndiyo nzito.

Mwanjelwa, aliyelipa fundisho hili umbo lake kwa Wakristo wa Magharibi ni Agostino, aliyezaliwa mwaka 354 Thagaste, Algeria ya leo. Mwafrika wa kaskazini. Aliyebishana naye, Pelagio, aliyekataa kwamba dhambi hiyo hurithiwa, alitoka upande wa Uingereza, na mtaguso uliompinga Pelagio mwaka 418 ulikaa Karthago, Tunisia. Sasa Mzungu ni yupi hapo? Na babu zetu tusiwapake asali. Muulize mzee yeyote wa Kinyakyusa kuhusu hasira za ndugu kumwangukia mtoto: wakubwa wakigombana na kunung'unika, anayeugua ni mdogo, na haponi mpaka wakae watoe yaliyo moyoni. Mtoto kubeba ya wakubwa tulikujua kabla ya Biblia.

Mama wa Makambako:
Mimi sina vitabu vya mtaguso. Nina swali kuhusu kurudi kundini.

Binti akipata mimba nyumbani anatengwa na ushirika. Akishajifungua anaitwa mbele ya usharika Jumapili, amejifunga kitenge, anaulizwa maswali na watu wote wanamtazama. Nimeyaona haya mwenyewe. Kijana aliyempa mimba alikuwa kwaya, sauti ya besi, na siku ile aliimba. Halafu kikaja kisa cha mtoto: abatizwe lini, pamoja na wengine au siku yake peke yake? Mzee mmoja wa kanisa akasema yule mtoto "ana mambo yake". Kichanga! Kama wote tumezaliwa na dhambi moja kama Mchungaji anavyosema, kile kichanga kilikuwa na ya ziada ipi? Ezekieli 18 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Naona hausomwi siku hizo.

Mlokole wa Uyole:
Bwana Yesu asifiwe. Shida yenu ni kutegemea maji mliyonyunyiziwa mkiwa mmelala. Mtoto hawezi kutubu, kwa hiyo hawezi kubatizwa. Aokoke mwenyewe akiwa na akili zake, halafu avunjiwe laana za ukoo, maana zipo, tunaziona kwenye maombezi kila wiki hapa Mbeya. Akifunguliwa hatakuwa na habari za kujidharau.

Katekista (Iringa vijijini):
Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu wa Uyole, umesema mtoto hana kosa la kutubu, kisha ukampa laana ya babu yake. Kwetu tumeambiwa hatia ya Adamu inaondolewa mara moja. Ya kwako inahitaji semina kila mwezi. Kuhusu vichanga wanaofariki bila ubatizo, Tume ya Kimataifa ya Taalimungu ya Vatikani ilitoa hati 2007 ikisema kuna sababu nzito za kutumaini kwamba wanaokolewa. Wako akina mama huku wamezeeka na jeraha hilo na hakuna aliyewahi kuwaambia. Katika hilo namuunga mkono mleta mada. Kwenye lawama kwa walimu wa dini simuungi mkono, wengi tunajitolea bila hata nauli.

Jirani wa Mbalizi:
Asalaam aleikum, mimi si wa humu lakini mmenivuta. Kwetu hakuna dhambi ya kurithi. Adam alikosea, akatubu, akasamehewa. Mtoto anazaliwa katika fitra, yaani hali safi ya maumbile, na Qur'ani 6:164 inasema mbebaji hatabeba mzigo wa mwingine. Lakini niseme ukweli: nimesoma madrasa na vijana waliotoka pale wakijiona takataka. Ilikuwa bakora, na kuitwa mjinga kila siku mbele ya wenzako. Kwa hiyo mleta mada, angalia usije ukamshitaki Adamu kwa kazi ya mwalimu.

Mleta mada:
Jirani, umenipiga panapouma, na nakubali sehemu. Mwalimu katili atapata fimbo kwenye kitabu chochote. Ila fimbo hii ina kitu cha pekee: inamwambia mtoto kwamba aibu anayoisikia ndiyo ukweli kuhusu yeye, na kwamba Mungu anakubaliana na mwalimu. Bakora ikiisha mtoto anaweza kusema mwalimu alinionea. Hapa atamsema nani?

Mchungaji, kwa heshima zote. Fundisho lililokunyoosha wewe mgongo nalipenda, kama lingehubiriwa hivyo. Lakini Mama wa Makambako ametuonyesha linavyotembea: lilimsimamisha binti, likampita besi kwenye kwaya, likamgusa kichanga. Ni lini mara ya mwisho tulisikia mahubiri ya dhambi ya asili ya mwenyekiti wa usharika, au ya mtoa ahadi mkubwa wa harambee? Usawa unaousema unaishia kwenye mabenchi ya nyuma. Na kuhusu wale vijana wawili, mimi naona walikuwa wanaijua sana nusu ya kwanza. Kama ya pili waliwahi kuambiwa, wewe uliyewafundisha ndiye unayejua.

Mchungaji mstaafu (Rungwe):
Mmoja nilimfundisha mimi kipaimara. Somo la anguko la Adamu tulilifanya Jumamosi tatu. La ubatizo na neema lilipangwa la mwisho, na mwaka ule mvua zilizidi, tukalifupisha. Sikubali kwamba hilo ndilo lililomuua, na usiliandike hivyo. Ila mpangilio wa masomo ni jambo linalozungumzika, na halihitaji mtaguso.

Mleta mada:
Sitaliandika hivyo, Mchungaji. Basi wenye vitabu vya kipaimara na komunio ya kwanza mnisaidie, kanisa lolote: somo la anguko liko la ngapi, la ubatizo la ngapi, na katikati yake kuna wiki ngapi? Wekeni hapa.