Kwa nini wakulima wa kijiji kimoja wanaletewa taarifa za mvua zisizofanana?

Katibu wa Kikundi, Kongwa

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa alizeti na mtama katika Wilaya ya Kongwa, na ninaomba msaada wa mawazo kuhusu jambo linalotugawa kila msimu. Inapokaribia Novemba, wakati mashamba yanaandaliwa na kila kaya inaamua kama ipande mapema au isubiri, wanachama huja kikaoni na taarifa za mvua zisizolingana hata kidogo. Mmoja anasema mvua za El Niño zimekwisha kutangazwa, mwingine ana hakika kwamba mwaka huu ni wa ukame, na wa tatu hajaona chochote kuhusu hali ya hewa kwa sababu simu yake humletea mpira na mahubiri tu.

Nilipowaomba wanionyeshe walichokiona, nilikuta kwamba video ya mafuriko ilirekodiwa Katesh, wilayani Hanang, wakati wa maporomoko ya tope ya Desemba 2023. Ile ya ukame ilizungumzia utabiri wa vuli, yaani mvua za Oktoba hadi Desemba zinazowahusu watu wa pwani ya kaskazini, nyanda za juu kaskazini mashariki na ukanda wa Ziwa Victoria, ilhali sisi wa kanda ya kati tuna msimu mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Video zote mbili zilikuwa za kweli. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) uliohusu Dodoma nao ulikuwa umekwisha kutolewa, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeletewa.

Ninauliza mambo mawili. Ni nani anayeamua kwamba mwanachama fulani aletewe hiki na jirani yake aletewe kile? Na je, tukiachana na mitandao hiyo tukabaki na kundi letu la WhatsApp pekee, tutakuwa tumeondokana na tatizo?

Mwandishi wa Programu, Dodoma Mjini

Ndugu Katibu, hakuna mtu anayeketi mahali akichagua cha kumletea mkulima wa Kongwa. Kazi hiyo hufanywa na algoridhimu, yaani mfululizo wa hesabu unaokadiria ni chapisho lipi litamfanya mtumiaji huyu aendelee kutazama, abofye, atoe maoni au amtumie mwenzake. Mitandao haikuanza hivyo. Facebook ilianzisha ukurasa wake wa mtiririko wa habari mwaka 2006, na mwaka 2009 ikaanza kutanguliza machapisho yanayovuma badala ya yale mapya. YouTube nayo mwaka 2012 iliacha kutegemea zaidi idadi ya mibofyo, ikaupa uzito muda ambao mtu anatumia kutazama. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza machapisho yanayoibua mazungumzo baina ya watu, jambo linalosikika kuwa jema mpaka ujiulize ni machapisho ya aina gani yanayozungumzwa zaidi.

Jibu la swali hilo lilionekana katika nyaraka za ndani ambazo Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo, alizitoa hadharani mwaka 2021. Zilionyesha kwamba kuanzia mwaka 2017 alama za hisia, ikiwemo ile ya hasira, zilipewa uzito mara 5 ya alama ya kawaida ya kupenda, na kwamba watafiti wa kampuni yenyewe waliona machapisho yanayokusanya hasira yana uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba upotoshaji. Uzito wa alama ya hasira ulikuja kuondolewa kabisa mwaka 2020. Ninaeleza haya kwa kirefu kwa sababu ni muhimu ieleweke kwamba uzito huo hupangwa na binadamu ofisini, na binadamu hao hao wanaweza kuupangua.

Sasa turudi Kongwa. Mwanachama wako aliyeitazama video ya Katesh hadi mwisho kwa huruma au kwa hofu ameiambia hesabu hiyo, bila kukusudia, kwamba aletewe nyingine kama hiyo. Tarehe ya tukio haina nguvu kubwa mbele ya muda wa kutazama. Lugha na nchi huzingatiwa, lakini Kiswahili kinatuweka katika fungu moja na watu wa Hanang, Tanga, Mombasa na Bukoba, ambao mvua zao si zetu. Na kwa kuwa video ile haikuwa ya uongo, hata mifumo ya kukagua upotoshaji haikuwa na sababu ya kuizuia.

Kuhusu kuuelekeza upya mtiririko, inawezekana kwa kiasi. Kila mmoja afuate ukurasa wa TMA, auguse mara kwa mara na kufungua machapisho yake, na abofye sehemu ya kutopendezwa anapoletewa mafuriko ya miaka iliyopita. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Agosti 2023, sheria inailazimu mitandao mikubwa kumpa mtumiaji njia ya kupata mapendekezo yasiyotokana na uchambuzi wa tabia zake. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inasimamia namna taarifa za mtu zinavyokusanywa na kutumiwa; haikuandikwa kwa ajili ya mpangilio wa machapisho, na mimi ninaamini mjadala huo unapaswa kufika bungeni.

Mtangazaji wa Redio, Singida

Kaka Katibu, nijibu swali lako la pili, maana ndilo ninalokutana nalo kila siku katika kipindi cha wakulima. Ndani ya kundi la WhatsApp ujumbe hufuatana kwa saa uliotumwa, bila hesabu ya kuupanga kwa tabia ya mtu. Hata hivyo, jiulize ujumbe huo umetoka wapi. Mwanachama ameletewa video kwenye mtandao mwingine, ikamgusa, akaisambaza kundini. Kwa hiyo kilichochaguliwa na mtambo kinaingia kwenu kikiwa kimebebwa na mkono wa mtu mnayemwamini, na kuanzia hapo hakihojiwi tena.

Kampuni ya WhatsApp yenyewe iliwahi kuliona tatizo hili kwa uchungu. Mwaka 2018, baada ya uvumi uliosambazwa kwa simu kuchangia mauaji ya watu mikononi mwa umati nchini India, iliweka huko kikomo cha kusambaza ujumbe kwa watu au makundi 5 kwa wakati mmoja, na Januari 2019 kikomo hicho kikawa cha dunia nzima. Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi, ambao huwa na alama ya mishale miwili, ukaruhusiwa kwenda sehemu 1 tu kwa wakati, na kampuni ikaeleza kwamba usambazaji wa ujumbe wa aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Hilo limepunguza kasi, lakini ukweli wa ujumbe unabaki juu ya wenye kundi, kwa kuwa mazungumzo yamefungwa kwa usimbaji na kampuni haiyasomi.

Jambo linalonisumbua zaidi ni heshima. Katika makundi yetu ya vijijini ujumbe ukitumwa na mtendaji, mchungaji au mzee wa ukoo, kijana anayejua kwamba video ni ya mwaka mwingine hunyamaza, kwa sababu kumsahihisha mkubwa mbele ya watu kunaonekana utovu wa adabu. Wengine wakiona hakuna aliyepinga, wanadhani wote wamekubali. Hapo hakuna mtambo wowote, ni sisi.

Kuna na suala la bando, ambalo wataalamu wa mijini hulisahau. Anayenunua bando dogo hutazama machapisho machache ya juu kisha anazima data, hivyo mpangilio wa mtambo kwake una nguvu kuliko kwa mtu mwenye intaneti ya ofisini. Na anayetumia bando la mitandao ya kijamii pekee, ukimtumia kiungo cha tovuti ya TMA hawezi kukifungua.

Mwalimu wa Takwimu, Dodoma

Ninakubaliana na dada wa Singida, na ninataka kumpunguzia kidogo kasi ndugu wa programu. Julai 2023 zilichapishwa tafiti kubwa zilizofanywa kwa watumiaji wa Facebook na Instagram wakati wa uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2020. Watu walioondolewa mpangilio wa algoridhimu wakapewa machapisho kwa kufuata muda walipunguza matumizi yao, lakini misimamo yao ya kisiasa haikubadilika kwa kiwango cha kuonekana katika miezi 3, na machapisho kutoka vyanzo visivyoaminika yaliongezeka. Kwa hiyo kufuata muda peke yake si dawa.

Kwa Kongwa, mimi naona pengo liko kwingine. Utabiri wa msimu hutolewa katika waraka mrefu wenye maneno kama "wastani hadi chini ya wastani", na mkulima haambiwi wastani huo kwake una maana gani shambani. Mtambo hauwezi kumletea mtu kitu ambacho hakijatengenezwa. Kama hakuna sauti ya dakika mbili, kwa Kiswahili chepesi au kwa Kigogo, inayotaja Kongwa kwa jina na kueleza lini mvua inatarajiwa kuanza na mbegu ipi inafaa, nafasi hiyo itajazwa na mafuriko ya Katesh.

Katibu wa Kikundi, Kongwa

Ninawashukuru sana. Nitapeleka mapendekezo mawili kikaoni: kwamba hakuna ujumbe wa hali ya hewa utakaowekwa kundini bila kutaja mahali, tarehe na msimu unaouhusu, na kwamba mwenyekiti, ambaye ni mzee na anaheshimika, atangaze mwenyewe kuwa anaruhusu kusahihishwa, ili vijana wasiogope. Afisa ugani wa kata nitamwomba arekodi utabiri kwa sauti, kwa kuwa sauti hula data kidogo na inaweza pia kusikilizwa na wazee wenye simu za kitochi tukikusanyika. Dada wa Singida, je, redio yenu inaweza kupokea sauti hiyo na kuirusha kabla ya mwisho wa Oktoba, maana kufikia hapo wengi watakuwa hawajanunua mbegu?