Mpangaji wa kilemba anatutesa jengo zima, mwenye nyumba anasema "malizaneni"

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, na leo sitaki kuambiwa nitulie.

Mimi ni mpangaji kwenye moja ya maghorofa ya zamani ya umma, wilaya ya Ilala. Taasisi siitaji. Nyumba za umma mjini hapa zina wenyewe wengi: shirika, wakala, mifuko ya hifadhi ya jamii, halmashauri. Kila ninayeongea naye analia kilio hikihiki, kwa hiyo hata ukikisia, huenda ukakosea na bado ukawa sahihi.

Ghorofa ya tatu kwetu kuna jamaa tunamwita Sabufa, kwa sababu jina lake halisi hakuna anayelijua. Ijumaa jioni mpaka Jumatatu alfajiri ni singeli. Vioo vya madirisha vinatetemeka, sufuria zinagongana kabatini. Wageni wake wanapanda na kushuka usiku kucha, wanavuta bangi kwenye ngazi, wanakojoa kwenye kona ya ghorofa ya pili pale ambapo taa imeungua. Au tuseme imeunguzwa, maana tukichanga tukanunua globu mpya haimalizi wiki. Asubuhi wanaopiga deki ni akina mama, kwa zamu, na zamu yake hajawahi kuishika hata kwa bahati mbaya. Pikipiki za rafiki zake zinalala kwenye korido ya chini, saa kumi na moja alfajiri zinawashiwa humohumo ndani, moshi wote unaingia kwa bibi wa chini mwenye pumu. Mabinti wakitoka tuisheni jioni, lazima mtu mzima ashuke kuwapokea kwenye ngazi za nyumba yao wenyewe. Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi kuliko muziki.

Sasa sikilizeni mzunguko wenyewe.

Nikaenda kwa afisa miliki. Kijana mstaarabu, ofisi ina kiyoyozi. "Dada yangu, sisi tunapangisha nyumba. Tabia za watu peleka serikali ya mtaa." Nikaenda kwa mjumbe. Mzee wa watu akanikaribisha kiti, akaniambia, "Mwanangu, yule ni mpangaji wa serikali, mimi nitamfanya nini? Rudi kwa wenye nyumba." Mwenyekiti wa mtaa, huyuhuyu tuliyempigia kura Novemba 2024, akaahidi kuitisha kikao. Kikao kikaitishwa, Sabufa hakutokea, kikafungwa kwa sala. Kituoni nako swali la kwanza kabla ya RB, ile namba ya taarifa ya polisi, lilikuwa "mtuhumiwa anaitwa nani?" Nikasema Sabufa. Askari akaweka kalamu chini.

Nikaambiwa basi andika barua rasmi kwa mwenye nyumba. Nikaandika, nikaambatanisha sahihi za majirani, nikapeleka kwa mkono wangu, nikagongewa muhuri. Siku chache baadaye nimeanika mashuka, naona maji machafu yanamwagwa kutoka juu, halafu sauti: "Kaandike na hii!" Yaani barua yangu ilimfikia yeye kabla haijamfikia mkubwa wa ofisi. Majirani waliosaini wakaanza kunikwepa, mmoja akaniomba eti jina lake lifutwe. Siwalaumu, wana watoto. Ninayemlaumu ni aliyepokea barua ya siri na kuigeuza habari ya kijiweni. Huyo yumo ofisini, analipwa mshahara, na ameua ushahidi wa jengo zima kwa mdomo tu. Nani tena atasaini?

Na hapa ndipo nilipogundua kwa nini hakuna anayetaka kugusa hili jambo. Sabufa hana mkataba. Mwenye mkataba ni mtu mwingine kabisa, amejenga zamani na kuhamia Mbezi, nyumba akaiachia kwa kilemba. Wazee wa mjini mnalijua hilo: unampa mpangaji halali donge nono, anakuachia chumba, jina linabaki lake kwenye makaratasi. Kodi inalipwa kwa jina la yule wa Mbezi, kila mwezi, bila deni. Kwa hiyo ofisini faili ni safi kama limepigwa pasi. Hakuna mdaiwa, hakuna tatizo. Wakikubali kwamba pale anaishi Sabufa, itabidi waeleze aliingiaje, na nani alikuwa anapita kukagua miaka yote hii akijifanya haoni sura mpya.

Linganisheni na mwenzetu wa ghorofa ya kwanza aliyefiwa na mume, kodi ikalala miezi kadhaa. Hakuna aliyemwambia "malizaneni". Dalali alikuja asubuhi, na vijana wa kubeba, makochi yakawekwa nje watoto wakiwa na sare za shule. Siku hiyo ofisi ilijua mlango ni upi, mpangaji ni nani, na mkataba unasema nini. Mkataba huohuo, ambao nakala yake ninayo hapa mezani, una kifungu kinachokataza kuwasumbua majirani na kingine kinachokataza kumpangisha mtu mwingine bila idhini ya maandishi. Kwa hiyo vifungu vingine ni sheria na vingine ni mapambo?

Kuna watakaosema nenda baraza la kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, kwenye migogoro ya ardhi na nyumba baraza la kata kazi yake ni kupatanisha ndani ya siku 30, ikishindikana mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sawa. Nipatanishwe na nani, mtu asiyekuwepo kwenye karatasi? Na mkataba ni wa mwenye nyumba na mpangaji wake. Mimi jirani siwezi kuuvunja, anayeweza ni yuleyule aliyekaa kwenye kiyoyozi.

Wengine mtaniambia NEMC, wale wa baraza la mazingira. Ni kweli, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ina kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015, na viwango vya usiku ni vikali kuliko vya mchana. Tumeona mabaa yanafungiwa kwa kelele. Lakini baa ina leseni unayoweza kuisimamisha. Sebule ya Sabufa ina leseni gani? Na hata spika zikizimwa, mkojo na bangi na mabinti kusindikizwa vinabaki palepale.

Na ninyi wa "hama kama unaona tabu", ambao najua mko njiani: kodi ninayolipa hapa, nikienda kwa mwenye nyumba binafsi Ilala hii hii sipati hata chumba na sebule, tena nitadaiwa ya miezi sita mkononi. Halafu kwa nini nihame mimi ninayelipa kwa jina langu?

Nachouliza ni hiki. Kuna mtu humu jengo lenu liliwahi kufanyiwa uhakiki wa wapangaji, mlango kwa mlango, mkataba na kitambulisho cha NIDA mkononi? Nani aliulazimisha: bodi, wizara, mkuu wa wilaya, au mlienda kwa wakili? Na je, inawezekana kupeleka malalamiko bila jina la mlalamikaji kushuka mpaka kwa afisa miliki? Wenye uzoefu tu tafadhali. PM iko wazi kwa wanaoogopa kuandika hadharani, na nawaelewa.