Vitu used vya geto kwa mwanachuo Dar, aanzie wapi?

mkaka_wa_kyela: Wakuu habari, mdogo wangu anaanza UDSM, kapanga chumba Changanyikeni, bumu (hela ya mkopo wa chuo) bado na hela ya mkononi ndogo. Anataka feni, jiko la gesi, godoro na laptop used. Afanyeje asipigwe?

Mama Geto: Pole kaka. Mzigo wa bei chee unapatikana mwezi wa 7 finalisti (wa mwaka wa mwisho) wakimaliza, mtu kesho anapanda basi la Mwanza feni hawezi kubeba, anakuachia kwa unachompa. Mwezi wa 10 kila fresha anatafuta vitu hivyohivyo kwa hiyo bei inapanda, lakini aulize wa mwaka wa 3 kwenye magrupu ya WhatsApp ya kozi yake. Godoro anunue jipya hata la inchi 4, kunguni wakishaingia chumbani hawatoki leo wala kesho. Nguo na mashuka soko la mitumba Karume, Ilala, awahi asubuhi belo linapofunguliwa.

fundi_lapa: Laptop asinunue bila kuiwasha, achomoe chaji aitumie nusu saa mbele ya muuzaji, abonyeze kila kitufe, acheki bawaba za kioo. Akinunua na simu used, apige *#06# alinganishe IMEI (namba ya utambulisho wa simu) na ya kwenye boksi, na adai risiti maana akikutwa na mali ya wizi kesi ni yake. Asitume hela kabla ya kuona kitu jamani, hata muuzaji akisema kuna mteja mwingine njiani.

mkaka_wa_kyela: Asanteni sana, namtumia sasa hivi.