Kikundi: Wana wa Nana, Majengo

Saida: Assalaam alaykum. Tumefika salama. Ndiyo hiyo nyumba ya vibarua niliyowaambia tutalala wikendi hii 📷

Ami Hamisi: Waalaykum salaam. Hilo si banda la kuku?

Saida: 😂 Ami! Ni ya mawe, tangu miaka ya 1840. Huku Oxfordshire, kijiji kikiitwa Charterville. Zilijengwa 78, zote sura moja. Vyumba vitatu mbele, jiko liko katikati.

Fatma: Jiko katikati ya nyumba? Moshi je?

Saida: Kuna dohani. Na kwa baridi hii utalikumbatia hilo jiko. Soksi pea mbili na bado meno yanagongana.

Ami Hamisi: Tajiri gani huyo aliyewajengea vibarua nyumba ya mawe? Mimi kambi ya mkonge huko Kilifi nilikaa mwaka mzima. Chumba kimoja watu wanne, na ukiacha kazi watoka na godoro lako siku hiyo hiyo.

Saida: Hawakujengewa na tajiri. Walichanga wenyewe, wafumaji na watu wa viwandani, senti kwa senti. Waliochanga walifika kama 70,000, na kiongozi wao alikuwa Feargus O'Connor. Likipatikana shamba, inapigwa kura. Jina lako likitoka, wapewa nyumba na ekari mbili, tatu au nne.

Fatma: Chama cha watu 70,000! Sisi kumi na wawili twanuniana kila mwisho wa mwezi. Na kuna mtu humu hajatoa wa mwezi uliopita, ajijua.

Saida: Sasa sikia. Zama hizo asiye na mali hakuwa na kura ya bunge, na hao ndio waliokuwa wakiidai kwa kila mwanamume. Wakaanza na kura ya shamba 😄

Nana 🎤 *(sauti)*: Saida mwanangu, kuta nishaziona, mashallah. Nambie ardhi. Ilikuwa yao au ya mtu?

Saida: Nana, hapo ndipo! Kampuni yao haikupata kusajiliwa, kwa hivyo mashamba yaliandikwa jina la O'Connor mwenyewe. Hili la huku likawekwa rehani. Na watu wa mjini, kulima hawajui. Wengi wakahama. 1851 Bunge likaivunja kampuni.

Fatma: Lahaula.

Nana 🎤 *(sauti)*: Basi ni hii yetu hii. Babu yenu kajenga kwa jasho lake, boriti moja moja, na chini ya nyumba ni ardhi ya mtu. Nyumba bila ardhi. Hao wa huko walau walipata ekari wakapanda viazi, mimi hata mlimau nauomba ruhusa. Hamisi, kodi ya ardhi ya mwezi huu umepeleka?

Fatma: 👀

Saida: 👀

Ami Hamisi: Mama, sauti yako haifunguki. Mtandao wa leo mbovu sana.