Tupeane uzoefu: dalali wako wa hisa wa mtandaoni ulimpataje?

Mtu wa Langoni
Assalamu alaykum wana Amu (Lamu) na Malindi. Jana barazani kuna kijana kasema madalali wa hisa wote ni sawa, chagua mwenye programu nzuri ya simu. Wazee wakamwitikia! Hapa kwetu ofisi ya dalali hakuna. Ukitaka kugonga meza ya mtu ni boti mpaka Mokowe, kisha basi mpaka Mombasa. Kwa hiyo dalali wetu ni simu na bando. Semeni, nyinyi mliangalia nini? Kamisheni? Pesa kutoka haraka? Sitaki nadharia, nataka yaliyowafika.

Tuktuk Maweni
Kamisheni za soko la hisa la Nairobi hazipishani sana, kiwango cha juu kimewekwa na kanuni. Ukijumlisha na tozo za soko ni kama asilimia 2. Ukinunua unakatwa, ukiuza unakatwa tena. Uliza ada ya CHINI kabisa kwa oda moja. Tangu Agosti 2025 soko linaruhusu kununua hata hisa moja, zamani ilikuwa 100 kwenda juu. Vijana wamefurahi, lakini dalali akikutoza shilingi 100 kwa kila oda, hisa yako ya shilingi 30 umeinunua kwa bei ya samaki wa hotelini.

Mshela
Kweli tupu.

Nahodha Mstaafu
Mshela, Shela ipi? Ya Amu au ya Malindi?

Mshela
Malindi, bwana. Kwani kuna nyingine?

Nahodha Mstaafu
Astaghfirullah. Yetu ina Msikiti wa Ijumaa wa tangu 1829.

Mshela
Yetu ina kaburi la mnara ambalo Mreno alilikuta. Tuendelee na hisa.

Mpishi wa Casuarina
Mimi bosi wangu Mtaliano ndiye aliyenitia hamu ya hisa za Marekani. Akanambia kule kamisheni ni sufuri. Kweli, madalali wakubwa waliifuta Oktoba 2019. Asichonambia ni kwamba benki hapa inakukata ukituma dola, na bei ya dola wanayokuuzia si ile unayoiona kwenye habari. Unajaza W-8BEN, fomu ya kodi ya Marekani kwa wageni, halafu gawio bado linakatwa asilimia 30 kwa sababu Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani. Hapa nyumbani mkazi anakatwa 5. Interactive Brokers, dalali wa Marekani, wanapokea Wakenya, hilo nalijua, lakini kwa elfu tano tano za kila mwezi ada ya kutuma itakula mtaji. Kinachonifaa mimi ni saa tu. New York inafungua saa kumi na nusu jioni kwetu, kule kukiwa na baridi saa kumi na moja na nusu. Nairobi inafunga saa tisa alasiri na mimi bado niko jikoni na pweza.

Faida Chap Chap
Habari wapendwa, nina dalali wa uhakika, asilimia 20 kila wiki, nifuate faragha.

Tuktuk Maweni
Jina la kampuni liko kwenye orodha ya CMA, mamlaka inayowapa madalali leseni?

Faida Chap Chap
Usajili unaendelea.

Tuktuk Maweni
Na uendelee huko huko.

Binti Mkomani
Mmenitonesha. Baba, Allah amrehemu, alinunua hisa za Safaricom ile 2008, shilingi 5 moja, watu wamejipanga juani na fomu mikononi. Mwaka uliofuata zikashuka chini ya 3, barazani wakamcheka kwamba mzee kanunua upepo. Akanyamaza. 2021 zikapita 40, akanyamaza vilevile. Hakuuza hata moja. Alipofariki tukafungua sanduku lake, tukakuta karatasi za dalali. Napiga namba, haipo. Barua pepe inarudi. Kumbe kampuni ilishafungwa zamani na sisi hatuna habari. Mama akalia upya.

Nikaanza kupigia madalali wengine mmoja mmoja. Wawili wakanambia pakua programu kwanza. Nipakue programu ya kumtafutia maiti hisa zake? Mmoja alikuwa mashine tu, bonyeza moja, bonyeza mbili, salio la simu likaisha. Kisha akapokea mama mmoja wa Mombasa, akanisikiliza mpaka mwisho. Akanambia, mwanangu, tulia, hisa hazikai kwa dalali, ziko CDSC, hifadhi kuu ya hisa, dalali anapeleka oda tu. Lete cheti cha kifo na hati ya mirathi ya Kadhi, tutazihamisha.

Sasa njooni kwa Kadhi. Tumekaa, mama, ndugu zangu na mimi. Karani anasoma majina ya warithi. Mlangoni akaingia mwanamke wa Faza na vijana wawili, na wallahi wale vijana ni baba mtupu, pua ile ile. Ana cheti cha ndoa. Akatoa simu yake: ujumbe wa gawio, wa mwaka huu, wa mwaka jana, wa mwaka juzi. Namba ya simu iliyosajiliwa kwenye akaunti ya CDS ya baba, yaani akaunti ya hisa zake, ilikuwa yake huyo mwanamke! Sisi salio hatulijui, mwenzetu gawio linamwingilia M-Pesa miaka yote.

Nahodha Mstaafu
Subiri. Mwanamke wa Faza?

Mshela
Mama yako alisema nini???

Mtu wa Langoni
Jamani, tulikuwa kwenye madalali.

Tuktuk Maweni
Madalali watangoja. Kwa hiyo wake wawili, thumni moja ya mirathi wanagawana.

Ustadhi wa Barani
Hiyo ni sahihi. Lakini kabla ya mirathi, ulizeni hisa zenyewe. Za benki ni riba. Za kampuni ya simu afadhali.

Mpishi wa Casuarina
Fuliza, ile mikopo ya M-Pesa ya Safaricom, umeisahau, ustadhi?

Ustadhi wa Barani
Sikukusudia mjadala.

Mama Watamu
Mimi nasema tumia dalali aliye chini ya benki yako, pesa zinaingia na kutoka bila safari.

Mshela
Usimsikilize. Wa kwangu alikuwa wa benki, nikiuliza dalali ananirusha benki, benki inanirusha kwa dalali. Sheria ni siku tatu za kazi baada ya kuuza. Mimi nilingoja mpaka mwezi ukaandama.

Mama Watamu
Yangu huja siku ya tatu. Labda tatizo ni wewe.

Tuktuk Maweni
Wote wawili, kabla ya kumwaga laki, weka elfu moja, nunua, uza, toa pesa. Uone inachukua siku ngapi na nani anapokea simu. Na hakikisheni namba ya simu kwenye akaunti ya CDS ni yenu, isiwe ya Faza.

Binti Mkomani
😂 Mnaniudhi. Mama hakusema neno pale. Nje ndipo alipomuuliza yule mwenzake, na hilo sitaliandika hapa. Hisa zimegawanywa, kila mrithi kafunguliwa akaunti yake. Na sote, hata wale wa Faza, tumebaki kwa yule mama wa Mombasa.

Mshela
Nitumie namba ya ofisi yake. Jumamosi anapokea?

Binti Mkomani
Soko ni Jumatatu hadi Ijumaa. Ila yeye hupokea.

Nahodha Mstaafu
Yule wa Faza ni wa ukoo gani?